Sura ya Sita: Kipimo cha Jumamosi

Beringi ilikuwa vipande kumi na vinne. Inspekta Benter Osewe alikuwa amevihesabu mara tatu, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kuvifanyia.

Vilipangwa juu ya gazeti kwenye meza ya karakana, katika Kiwanda cha Chai cha Omorembe, mwendo wa dakika kumi kwa gari kutoka soko la Ekerenyo. Gololi nane, vipande vitano vya pete, na chuma chembamba kilichokunjamana ambacho aliambiwa ni kizimba cha kushikilia gololi. Jumamosi iliyopita, saa kumi na dakika ishirini jioni, beringi hiyo ilipasuka ndani ya feni kubwa ya kikaushio. Feni ikachomoka kwenye shafti, ikatoboa bati na kumuua Mzee Okemwa, mhudumu wa kikaushio, aliyekuwa amebakisha miaka mitatu astaafu.

Leo ilikuwa Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Jana saa tisa alasiri, kwa malalamiko ya kiwanda, polisi walikuwa wamemkamata fundi wa zamu, jina lake Nyabuto. Sheria iliwapa polisi saa ishirini na nne, kwa hiyo kabla ya saa tisa ya leo ama Nyabuto angefikishwa mahakamani kwa kumuua Okemwa, ama angefunguliwa mlango aende kwake. Karatasi ya mashtaka ilikwisha kuandikwa, ikabaki sahihi ya Osewe tu. Osewe hakupenda kutia sahihi jambo asilolielewa, na hili la beringi hakulielewa hata kidogo.

"Nieleze tena, injinia," alisema. "Polepole, kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu angeelewa, madam. Amechuma chai miaka arobaini."

Injinia Mose, mkuu wa mitambo, alikuwa mtu wa ovaroli iliyopigwa pasi. Alisema hivyo bila kutabasamu, kisha akavuta tableti iliyokuwa kando ya vipande.

"Zamani tulikuwa tunabadilisha beringi kila miezi sita. Hata kama ni nzima, tunatoa, tunatupa. Ikaonekana ni hasara. Sasa tunafuata hali ya mashine. Kila siku saa nane mchana mtu anazunguka na kipima-mtetemo, anakibandika kwenye kila feni na kila mota, anaandika namba. Chini ya tatu, mashine ni nzima. Ikipita saba, tunasimamisha."

"Na feni iliyomuua Okemwa?"

Mose aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa tableti. Alhamisi, mbili nukta tatu. Ijumaa, mbili nukta sita. Jumamosi saa nane na dakika kumi mchana, mbili nukta saba.

"Nzima," alisema. "Saa mbili baadaye, vipande kumi na vinne. Beringi haifi hivyo, madam. Beringi huugua kwanza. Ikifa ghafla, jua kuna mkono wa mtu. Na Nyabuto ndiye aliyeifunga wiki tatu zilizopita. Muda mfupi tu kabla ya ajali alionekana pale na spana. Boliti moja ya kifuniko tuliipata sakafuni."

"Yeye na Okemwa walikuwa na ugomvi?"

"Kila siku kelele. Uliza mtu yeyote."

"Anayepima ni nani?"

"Kuna msichana, Nyanchera. Kwa sasa hayuko. Yuko kwenye matanga." Mose alishusha sauti. "Okemwa ni babake."

Osewe akasikitika, akaandika jina. "Jumamosi alikuwa kazini?"

"Kipimo si hicho hapo, madam?"

Osewe aliomba achapiwe vipimo vyote vya mwezi mzima, mashine zote. Mose alisema wino umepungua. Osewe alisema atangoja. Alingoja dakika ishirini na tano akipewa chai ya kiwanda, nyeusi na chungu, na alipotoka alikuwa na karatasi kumi na mbili zilizojaa namba ndogo ndogo.

Kuingia stoo kulimgharimu ukucha. Mlangoni, chini kabisa, palikuwa na mota kubwa ya kijani iliyolala ubavu, na Osewe alikuwa anaangalia juu kwenye rafu.

"Pole, madam, pole sana! Hiyo kitu itaua mtu," alisema Mama Tryphosa, mtunza stoo, mama mnene aliyevaa sweta mbili. Kisha akakumbuka ni wiki gani, akajiziba mdomo. "Mungu anisamehe. Imelala hapo tangu Ijumaa jioni. Ni ya feni namba nne, moja ya zile za kunyausha majani. Iliungua, wakaitoa, wakaniletea. Wanasema gari la Kisii litaichukua. Gari gani? Mimi naruka kama mbuzi siku ya nne hii."

Osewe alikaa juu ya mota ile ile, akakanda dole gumba la mguu, na kuuliza kuhusu beringi.

Mama Tryphosa alikuwa na utaratibu wake na alijivunia. Hakuna fundi aliyepewa kipuri kipya kabla ya kurudisha kibovu. Nyabuto alirudisha beringi ya zamani, hii hapa, imefungwa kwa kamba na tarehe yake. Boksi la mpya lilifunguliwa mbele ya wote wawili, likiwa na utepe wake, na wote wakatia sahihi.

"Angeweza kubadilisha njiani? Achukue ile nzuri, afunge mbaya?"

"Nilienda naye mpaka kwa feni, madam. Mimi naenda nao wote. Watu wananiita askari."

"Boksi lilitoka wapi?"

"Kwa yule aliyepewa tenda. Yalikuja sita. Haya matano yamebaki."

Maboksi matano yalikaa kwenye rafu, mazuri, yenye rangi na nembo na alama za kukaguliwa kwa simu. Osewe alikagua moja kwa simu yake. Jibu lilikuja kwamba boksi ni halali. Alichukua boksi hilo na vipande vyake kumi na vinne, akaiwekea rafu karatasi ya polisi, akaondoka akichechemea. Mpaka hapo alikuwa na mtu aliyekamatwa kwa kufunga beringi ambayo askari wa stoo aliiona kwa macho yake ikitoka kwenye boksi halali. Na hiyo ingefaa kumsaidia Nyabuto, ila ilimzamisha zaidi. Kama kipuri kilikuwa kizuri, basi ni mkono wa mtu.

*

Saa tano kasoro robo alikuwa Kisii, kwenye duka la Nyakundi, hatua chache kutoka soko la Daraja Mbili. Nje watu walikuwa wanashusha ndizi. Ndani palinuka mpira na grisi, na beringi na mikanda ya mashine vilining'inia mpaka dari. Nyakundi hakuwa mshukiwa wala shahidi. Osewe aliambiwa tu kwamba ukitaka kujua beringi, nenda kwake, lakini mwenye duka alipoona kitambulisho cha polisi alianza kujitetea kabla ya kuulizwa.

"Madam, mimi sijauza feki hata siku moja. Nikiuza feki leo, kesho nitauzia nani? Hawa watu wote wananijua mpaka kwetu."

"Sijasema umeuza. Nataka uniangalizie."

Aliweka vipande kwenye kaunta, na boksi jipya kando. Nyakundi alivaa miwani, akaacha kujitetea. Alipitisha kucha juu ya maandishi ya pete. Alifungua boksi, akapitisha kucha tena. Alichukua beringi ya aina hiyo kutoka rafu yake, akampa Osewe moja mkono huu na nyingine mkono ule.

"Gani nzito?"

"Hii yako."

"Hii yangu. Sasa sikia maandishi na kidole. Yangu yamechomwa mpaka ndani ya chuma. Haya yameandikwa juu, kama mtu anaandika jina kwa sufuria. Boksi ni la kweli, madam. Mtu ameokota maboksi ya kweli akatia uchafu ndani. Hizi mbili ni feki, hii iliyovunjika na hii mpya."

Osewe aliona ameshapata jibu. Kumbe ilikuwa rahisi. Beringi bandia imepasuka yenyewe, Nyabuto aende nyumbani, yeye amfuate mwenye tenda.

"Basi ndiyo sababu ilipasuka ghafla," alisema.

"Ghafla?" Nyakundi alivua miwani. "Nani alisema ghafla? Angalia hapa. Hizi gololi zimelika upande mmoja. Hii rangi ya bluu ni moto. Hii ilikufa polepole. Feki haiui kimya kimya, madam, feki inalia. Itapiga kelele siku nzima kabla haijaenda. Fundi kiziwi angesikia."

"Kipimo kinasema saa mbili kabla ilikuwa nzima."

"Basi kipimo ni cha beringi nyingine."

"Ni cha hiyo hiyo."

Nyakundi alitazama vipande, akamtazama Osewe, akainua mabega. Osewe alivikusanya tena kwenye gazeti. Alikuja na fumbo moja na sasa alikuwa nayo mawili. Kama beringi ni nzuri, iliuawa na mtu. Kama ni bandia, ililia siku nzima, na kipima-mtetemo kilichobandikwa juu yake saa nane mchana hakikusikia chochote. Kila aliyemuuliza alionekana kusema kweli, na kweli zao hazikukaa pamoja.

*

Nyabuto aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, kituoni Nyamira, saa sita na robo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mikono imeingia mafuta mpaka kwenye mistari ya viganja. Viatu vyake vilikuwa vimeondolewa kamba.

"Ulikuwa unafanya nini na spana pale?"

"Nilitaka kuongeza grisi, afande. Nilifungua boliti moja ya kifuniko. Nikaona moshi, nikaacha, nikakimbia kwa swichi. Nilimwambia mzee atoke. Akasema chai iko ndani, akiacha itashika moto. Swichi iko mbali kidogo." Aliangalia viganja vyake. "Sikufika."

"Ulijuaje inahitaji grisi?"

"Ilikuwa inalia. Tangu asubuhi nilipoingia zamu."

"Ulimwambia mtu?"

"Injinia. Saa tatu nilienda. Saa saba nikaenda tena, nikamwomba tuisimamishe."

"Alisemaje?"

"Asubuhi alisema tungoje kipimo. Saa saba alinionyesha tableti. Akasema namba iko chini ya tatu, nirudi kazini."

Osewe alikuwa ameinamia daftari. Aliinua kichwa. "Saa saba?"

"Karibu na saa saba."

"Kipimo cha Jumamosi kilichukuliwa saa nane na dakika kumi."

Macho ya Nyabuto yalihama kutoka uso wa Osewe yakaenda ukutani, palipokuwa na kalenda ya mwaka jana.

"Nyabuto. Ama umekosea saa, ama umesema uongo, ama Injinia Mose alikuonyesha kipimo ambacho kilikuwa hakijachukuliwa. Ni gani?"

"Labda nimekosea saa, afande."

"Ulisema saa saba bila kufikiri."

"Basi nimekosea."

Osewe aliweka kalamu chini. Kwa miaka kumi na sita alikuwa ameona watu wakidanganya ili watoke ndani. Huyu alikuwa anadanganya ili abaki, na ilimkasirisha kwa sababu hakujua amtendee nini.

"Nikitia sahihi ile karatasi, unapelekwa kortini kwa kumuua mtu. Una watoto?"

"Watatu."

"Kuna kitu unajua kuhusu vile vipimo. Sentensi moja tu, uende kwa watoto wako."

Nyabuto alikunja vidole vyake vya mafuta. Alionekana kutaka kulia, lakini hakulia.

"Mimi sina la kusema kuhusu vipimo. Mimi si mpimaji. Afande, mzee atazikwa lini?"

"Alhamisi."

"Asante," alisema, kana kwamba amepewa kitu.

*

Osewe aliketi ndani ya gari, nje ya kituo, na karatasi kumi na mbili mapajani. Saa saba kasoro dakika kumi. Asubuhi alikuwa ameangalia mstari mmoja tu, ule Mose aliouwekea kidole. Sasa aliamua kuangalia mingine yote, si kwa sababu alikuwa na wazo, bali kwa sababu hakuwa nalo.

Alianza na Jumamosi iliyopita na kushuka mstari kwa mstari. Mota ya mashine ya kusaga, moja nukta nane. Mashine ya pili, mbili kamili. Feni za kunyausha, namba moja, namba mbili, namba tatu, zote chini ya tatu. Feni namba nne, Jumamosi saa nane na dakika ishirini na tano mchana, moja nukta tisa. Namba tano...

Akarudi kwa namba nne.

Dole gumba lake lilikuwa bado linauma. Mota ya feni namba nne ilikuwa imelala kwenye mlango wa Mama Tryphosa tangu Ijumaa jioni. Jumamosi mchana feni hiyo haikuwa na mota. Haikuweza kuzunguka, sembuse kutetemeka, na bado mtu aliiandikia moja nukta tisa.

Hesabu ilikwenda haraka baada ya hapo. Kama feni namba nne ilipimwa ikizunguka, ilipimwa kabla ya Ijumaa jioni. Na kama kipimo chake cha Jumamosi kilikuwa cha Ijumaa, basi vya mashine zote vilikuwa vya Ijumaa. Ndiyo maana Mose aliweza kumwonyesha Nyabuto kipimo cha saa nane ilipokuwa saa saba. Beringi bandia ililia Jumamosi nzima, kama Nyakundi alivyosema, na hakuna aliyeibandikia chochote.

Ila kwa nini Jumamosi? Alipekua nyuma, wiki baada ya wiki. Mara mbili zaidi katika mwezi huo mashine iliyoandikwa kwenye maelezo kuwa imezimwa ilikuwa na namba nzuri, na mara zote mbili ilikuwa Jumamosi. Osewe alikulia Homa Bay, lakini alikuwa amefanya kazi kwa Wagusii miaka sita. Alijua ni nani hapa hafanyi kazi Jumamosi: Msabato. Na hapo ndipo alipoelewa kwa nini Nyabuto alitazama ukuta badala ya kumtaja mpimaji, binti wa marehemu.

*

Nyumbani kwa marehemu Okemwa walikuwa wamefunga hema. Wanawake walikuwa wakipika nyuma ya nyumba, na Nyanchera alikuwa miongoni mwao, amekaa kwenye kigoda, akimenya ndizi. Msichana wa miaka ishirini na minne, kitambaa cheusi kichwani. Osewe alimsalimu mjane, akatoa pole, kisha akavuta kigoda kingine.

"Pole kwa msiba, Nyanchera. Mimi ni Inspekta Osewe. Nina swali la kazi. Ningeweza kulileta siku nyingine, lakini kuna mtu hana siku nyingine."

"Nyabuto," alisema msichana mara moja. "Madam, Nyabuto hakumuua tata, baba yangu. Wanasema eti walikuwa wanagombana. Walikuwa wanagombania mpira! Tata alikuwa shabiki wa Shabana, timu yetu ya Kisii, Nyabuto ni wa Gor. Mkisii wa Gor, tata hakuweza kuvumilia. Halafu jioni wanarudi pamoja."

"Nakuamini. Jumamosi ulipima saa ngapi?"

Kisu kiliendelea kumenya. "Jumamosi sifanyi kazi, madam. Tata alikuwa Katoliki, lakini mama ni Msabato. Sisi wasichana tulimfuata mama."

"Na vipimo vya Jumamosi?"

"Navichukua Ijumaa, kabla jua halijazama. Nazunguka mara mbili. Mzunguko wa kwanza naandika Ijumaa, wa pili naandika Jumamosi. Mashine inakuuliza siku na saa, unaandika wewe." Alimtazama Osewe kwa wasiwasi. "Si kudanganya. Sijawahi kukaa chini nikabuni namba. Napima kweli, mara mbili. Ni kama chakula, madam. Cha Sabato tunapika Ijumaa."

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

"Makao makuu walikuwa wanapiga simu kila Jumatatu, mbona kuna nafasi wazi. Injinia akasema nafasi isibaki wazi. Karakana nzima wanajua, hata Nyabuto. Ndiye alinishikia tochi wiki ya kwanza."

Osewe alitafuta namna ya kuuliza lililofuata, akakosa namna nzuri. Hakuhitaji. Mkono wa Nyanchera ulikuwa umesimama katikati ya ndizi.

"Feni ya tata iliandikwa ngapi Jumamosi?" aliuliza msichana.

"Mbili nukta saba."

"Hiyo ni ya Ijumaa."

"Ndiyo."

"Nyabuto anasemaje?"

"Anasema ililia tangu asubuhi. Aliomba isimamishwe, mara mbili. Akaonyeshwa namba."

"Namba yangu," alisema Nyanchera.

Mwanamke mmoja alipita na sufuria, akasema kitu kwa Ekegusii, akaenda zake.

"Kwa hivyo ni mimi, madam?"

Osewe aliwahi kuulizwa maswali mengi na watu waliofiwa. Kabla ya kujibu hili alisogeza kigoda chake karibu.

"Wewe ulipima Ijumaa, na Ijumaa feni ilikuwa sawa," alisema. "Kuna mtu alimwambia Nyabuto kwamba hiyo ni Jumamosi. Ninachotaka kujua ni kama mtu huyo alijua."

Nyanchera alifuta mikono kwenye leso, polepole, kidole kwa kidole. Akatoa simu, akatafuta ujumbe, akampa.

Ujumbe ulitoka kwa Injinia Mose, Ijumaa, saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili jioni. *Za kesho zimefika. Sabato njema.* Juu yake kulikuwa na Ijumaa nyingine, na juu yake nyingine, kila wiki maneno yale yale. Osewe aliyasoma mara tatu. Yalikuwa maneno ya mtu mwema.

Nyanchera alitoa maelezo yake yote, Osewe akayaandika, naye akatia sahihi. Saa nane na nusu Osewe alisogea kando ya migomba na kupiga simu kituoni.

"Mfungulie Nyabuto."

"Kwa dhamana, afande?"

"Bila dhamana. Andika hana mashtaka. Na akitoka, mpe simu yako anipigie."

Hapo ndipo gari la kiwanda lilipoingia. Ujumbe wa rambirambi, watu watatu, sukari na mikate, na mbele yao Injinia Mose amevaa suti. Alimwona Osewe, akasita, kisha akaenda kwa mjane akampa mkono. Alisema kiwanda kimepoteza mzee wake na kitasimama na familia hii. Watu walimsikiliza kwa heshima.

Nyanchera alipita katikati ya viti na kusimama mbele yake.

"Injinia, Jumamosi Nyabuto alipokuja kwako, ulimwonyesha namba gani?"

"Nyanchera, tutazungumza baadaye. Leo ni siku ya..."

"Ulimwonyesha ya lini?"

Chini ya hema watu waligeuka kutazama. Mose alimtazama Osewe, akatazama simu ya Nyanchera iliyokuwa bado mkononi mwa Osewe, na suti yake ikaonekana ghafla kuwa kubwa kuliko yeye.

"Kila Jumamosi zilikuwa sawa," alisema. "Miezi yote hiyo. Kila Jumatatu tukipima, zinafanana. Nilijua ni ya Ijumaa, lakini... zilikuwa sawa kila wiki. Chai ilikuwa nyingi, ingeharibika. Nyabuto kila mara anasikia kitu. Ningejuaje?"

"Ungeenda kusikiliza," Nyanchera alisema.

Osewe alimgusa Mose mkono, akamwambia waende garini. Mose alikwenda bila ubishi. Osewe hakujua bado kosa lenyewe angeliitaje kwenye karatasi. Mwenye tenda alikuwa bado hajulikani aliko, maboksi mengine manne yalikuwa bado rafuni Omorembe, na mtu huyu aliyeketi kiti cha nyuma akitazama magoti yake hakuwa ametengeneza beringi yoyote. Alikuwa tu amemjibu mtu wa leo kwa namba ya jana, akijua. Hilo angeliandika hivyo hivyo, wenye sheria walitafutie jina.

Simu iliita saa tisa kasoro dakika nane.

"Afande, ni Nyabuto. Wamenitoa. Wanasema hakuna kesi."

"Hakuna. Nenda kwa watoto wako."

"Nani amesema?" Sauti ilikuwa na hofu. "Afande, mmemwuliza Nyanchera?"

Osewe aligeuka. Nyanchera alikuwa amerudi kwenye kigoda chake nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika ndizi ile ile, hamenyi. Mama yake alikuwa amekaa karibu naye, na bado hakuna aliyemweleza maana ya namba zile.

"Nimemwuliza," alisema.

"Anajua ni namba yake niliyoonyeshwa?"

"Anajua."

Upande wa pili mlango wa chuma wa kituo ulisikika ukifungwa.

"Basi mngeniacha tu humu ndani," Nyabuto alisema.